Historia ya Nguo za Chapa ya Mkono za Bara Hindi, na Fundisho Lake kwa Wakulima wa Pamba



Chama chetu Kikuu kimetimiza miaka kumi, na katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma habari za mizani, maghala, mikopo na hesabu zetu. Sisi tulioagizwa kuandika ukurasa huu wa historia tumeona vyema kuwaeleza habari za watu wengine waishio kwa pamba. Wakulima huipanda, huipalilia, huichuma na kuitenga. Watu hao huipokea mwisho wa safari yake, imekwisha sokotwa na kufumwa, nao huipa rangi na maua. Ni wachapaji wa nguo wa Bara Hindi. Nguo zao tunazozisimulia hapa ni zile za nyumbani: shuka na matandiko ya vitanda, mifarishi ya wakati wa baridi, mapazia, foronya za mito na matakia, vitambaa vya meza, na matandiko ya kukalia chini.

Tumechagua habari hii kwa sababu wachapaji hao wamepita katika mambo mengi yanayomtisha mkulima wa pamba. Sheria za nchi za mbali ziliwafungia soko. Mashine ziliiga kazi yao. Na baadhi ya wenzao waliiharibu kazi ili wapate fedha upesi. Hata hivyo kazi yao haijafa. Yafaa tujue ni kitu gani kilichoiokoa.

ASILI YA KAZI HII

Pamba imefumwa katika Bara Hindi tangu zamani sana. Huko Mohenjo-daro, mji wa kale wa bonde la mto Indus ambao sasa umo katika nchi ya Pakistan, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kipande cha nguo ya pamba kilichotiwa rangi nyekundu ya mizizi ya mmea. Umri wake wapita miaka 4,000. Hatusemi kwamba kipande hicho kilipigwa chapa. Lakini chaonyesha kwamba watu wa huko walikuwa wamekwisha jua jambo gumu, yaani kuishikisha rangi katika pamba.

Twasema ni jambo gumu kwa kuwa pamba si kama manyoya ya kondoo. Manyoya hupokea rangi kwa urahisi, bali pamba huikataa. Mtu akichemsha mizizi na kuitumbukiza nguo ya pamba, rangi itaonekana siku ile, na siku ya kufua itakwenda na maji. Lazima kwanza nguo ipewe dawa ya kuishika rangi. Mafundi wa Bara Hindi waliijua dawa hiyo kabla ya mataifa mengi, na juu ya elimu hiyo sifa yao yote ilijengwa.

Ushahidi wa biashara yao umepatikana mbali na kwao. Huko Fustat, mji wa kale ulio katika Kairo ya leo, vilifukuliwa vipande vingi vya nguo za chapa zilizotoka Gujarat, magharibi ya Bara Hindi, na vingine vilikuwa katika jaa la taka. Zaidi ya vipande 1,200 vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Ashmolean huko Oxford, Uingereza, na vya kale zaidi vina umri wa miaka ipatayo 1,000. Wengi wa walionunua nguo hizo hawakuwa wafalme. Zilikuwa nguo za watu wa kawaida, zikatumika nyumbani hata zikachakaa, kisha zikatupwa. Na baada ya miaka yote hiyo katika udongo, rangi yake ingali yaonekana.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo ilizijua nguo za Gujarat. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, ataja nguo za bandari ya Cambay zikiuzwa katika miji ya pwani hii. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa Unguja walitoka Kutch, sehemu ya Gujarat iliyo karibu na Sindh, na kaniki nyingi zilizovaliwa bara zilitiwa nili huko Kutch. Hata lugha yetu yashuhudia. Neno chapa tumelipata kutoka lugha za Bara Hindi, na neno chiti, walilotumia wazee kwa nguo ya maua, ni la huko pia.

JINSI NGUO INAVYOCHAPWA

Karibu na mji wa Jaipur, uliojengwa mwaka 1727 katika nchi ya Rajasthan, iko miji miwili midogo yenye sifa kubwa. Sanganer wajulikana kwa maua madogo membamba juu ya nguo nyeupe. Bagru wajulikana kwa nguo za rangi nzito, nyekundu, nyeusi na buluu ya nili. Wachapaji wa huko ni watu wa ukoo wa Chhipa, na baba humrithisha mwana kazi hiyo.

Chapa yenyewe ni kipande cha mti mgumu, mara nyingi msaji, kilichochongwa ua upande wa chini na kupewa mshikio upande wa juu. Wachongaji ni mafundi peke yao. Kijiji cha Pethapur katika Gujarat kimepata sifa kwa kazi hiyo. Chapa mpya hulowekwa katika mafuta kwa siku kadhaa ili mti usipasuke, na hutobolewa matundu madogo ili hewa itoke inapogandamizwa. Ua moja huhitaji chapa zaidi ya moja: ya kwanza huchora mistari ya nje, nyingine hujaza ndani, nyingine hupaka uwanja wa nyuma. Ua lenye rangi nne huhitaji chapa nne, na kila moja haina budi kuangukia mahali pake hasa. Ikikosea kwa unene wa uzi, ua lote huonekana limepinda.

Kabla ya kuchapa, nguo hufuliwa iache mafuta na uchafu, kisha hutiwa katika maji ya tunda kavu liitwalo harda, lenye ukakasi mwingi. Kwa rangi nyeusi, vyuma vikuukuu hutiwa majini pamoja na sukari guru na kuachwa vichachuke kwa siku nyingi. Maji hayo yakikutana na ukakasi wa harda huwa weusi usiotoka. Kwa rangi nyekundu, mchapaji hutumia shabu, lile jiwe jeupe la kusafishia maji, iliyochanganywa na uji wa gundi, na huko Bagru hutumia kokwa za ukwaju. Nguo ikichemshwa katika rangi ya mizizi, mahali palipopigwa shabu hugeuka pekundu. Mahali pengine rangi haishiki, nayo huondolewa kwa kufuliwa na kuanikwa juani. Panapotakiwa pasiingie nili hupakwa tope lililochanganywa na chokaa na gundi, kisha hunyunyiziwa unga wa mbao ili tope likauke upesi.

Mchapaji husimama mbele ya meza ndefu iliyotandikwa magunia na nguo kuukuu ili iwe laini. Huibonyeza chapa katika sinia ya rangi, huiweka juu ya nguo, kisha huipiga kwa ngumi. Halafu husogea hatua moja na kurudia. Shuka moja ya kitanda humaliza mamia ya mapigo hayo, na pigo la mwisho lapaswa kuwa sawasawa na la kwanza.

Twawaomba wanachama watazame jambo moja katika maelezo haya. Mchongaji, mfuaji, mchemsha rangi na mchapaji, kila mmoja aweza kuiharibu kazi ya wenzake wote. Mfuaji akiwa mvivu, rangi ya mchapaji haishiki. Mchemsha rangi akipunguza shabu, nguo huonekana nzuri dukani, nayo humwaibisha mwenye nyumba siku ya kufua.

Kutoka mikono hiyo hutoka vitu vya nyumbani vya kila namna. Jaipur husifiwa kwa mifarishi yake iliyojazwa pamba iliyochambuliwa vizuri, myepesi lakini yenye joto. Katika Rajasthan lilikuwapo pia tandiko kubwa la chapa liitwalo jajam, lililotandazwa chini watu walipokutana, na mara nyingi katikati yake ulichapwa ubao wa mchezo. Wanakijiji walikaa juu yake pamoja, wakazungumza mambo yao.

ULAYA YAFUNGA MILANGO

Katika karne ya 17 makampuni ya Uingereza, Uholanzi na Ufaransa yalianza kupeleka Ulaya chiti nyingi za Bara Hindi, nyingine zilizopigwa chapa na nyingine zilizochorwa kwa kalamu. Watu wa Ulaya walishangaa. Walikuwa na nguo nzito za manyoya na za kitani. Sasa waliona nguo nyepesi, yenye maua, inayofuliwa na rangi yake ikabaki. Wakazitandika vitandani, wakazitundika madirishani na kutani, kisha wakazishona mavazi.

Wafumaji wa Ulaya wakaogopa njaa, na serikali zao zikawasikiliza. Ufaransa ilipiga marufuku nguo hizo mwaka 1686, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka 1759. Uingereza ilipitisha sheria ya kwanza mwaka 1700. Mwaka 1719 wafumaji wa London walifanya fujo, wakiwararulia wanawake nguo za chiti barabarani. Na mwaka 1721 ikapitishwa sheria kali zaidi, iliyokataza nguo nyingi za pamba za chapa zisivaliwe wala zisitumiwe hata kwa mapambo ya nyumba. Sheria hiyo ilidumu hadi 1774.

Wakati milango imefungwa, elimu ilikuwa ikitoka. Mwaka 1678 Mfaransa Georges Roques, wakala wa kampuni ya biashara, aliandika jinsi nguo zilivyochapwa huko Ahmedabad. Mwaka 1742 padre Coeurdoux aliandika kutoka kusini ya Bara Hindi jinsi rangi zilivyotengenezwa huko. Mwaka 1760 Oberkampf alifungua kiwanda katika Jouy, karibu na Paris, naye alianza kwa chapa za mti zile zile. Mwaka 1783 Thomas Bell wa Uingereza akapata hati ya mashine ya kuchapa kwa mitungi ya shaba inayozunguka, na mashine hiyo moja ilifanya kazi ya mikono mingi.

Basi karne ya 19 ikaona mambo kugeuka. Nguo za mashine kutoka Lancashire zilimiminika katika Bara Hindi yenyewe, na pamba ghafi ya wakulima wa huko ikasafirishwa nje. Vita vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilipozuia pamba ya Marekani, bei ya pamba ya Bara Hindi ilipanda sana, na wakulima wakakopa wakitumaini neema ya kudumu. Vita vilipokwisha bei ikaanguka, na madeni yakabaki. Mwaka 1875 wakulima wa wilaya za Poona na Ahmednagar waliwavamia wakopeshaji, wakachoma hati za madeni. Ili kupunguza taabu ya madeni vijijini, mwaka 1904 ilitungwa sheria ya vyama vya kukopeshana, na ile ya 1912 ikaruhusu vyama vya ushirika vya kazi nyingine, na vyama vikuu pia. Sisi wa ushirika tusiisahau historia hiyo. Sheria ya ushirika ya Tanganyika ya mwaka 1932 ilifuata njia iliyokwisha pitwa na sheria hizo za Bara Hindi.

HATARI YA KUTOKA NDANI

Kuna adui mwingine ambaye hakutoka ng'ambo. Mwaka 1868 wataalamu wawili wa Ujerumani, Graebe na Liebermann, waligundua namna ya kutengeneza kwa dawa ile rangi nyekundu ya mizizi, iitwayo alizarini. Na mwaka 1897 nili ya kiwandani ikaanza kuuzwa. Si haki kusema kwamba rangi zote za kiwandani ni mbaya. Alizarini ni imara, na Bagru huitumia hata leo. Lakini pamoja nazo zilikuja rangi rahisi zilizochuja, na wachapaji waliosongwa na bei walizipokea, kwa kuwa zilifupisha kazi. Mnunuzi aliyetandika shuka mpya na kukuta foronya nyeupe imegeuka nyekundu hakusema, "Fulani bin fulani amenidanganya." Alisema, "Nguo za mji ule hazifai." Samaki mmoja akioza, wote huoza.

Baadaye Sanganer ulipata mtihani mwingine. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 wengi waligeukia fremu ya wavu, ambayo hupaka rangi eneo kubwa kwa mara moja. Kazi ya fremu si dhambi. Nguo yake ni rahisi, na watu wengi huihitaji. Kosa ni kuiuza kwa jina la chapa ya mkono. Mwenye macho huijua tofauti. Chapa ya mkono huonyesha viungo vidogo mahali chapa mbili zilipokutana, na pigo moja huwa zito kidogo kuliko jingine. Lakini mnunuzi wa mbali hayajui hayo, naye hununua jina tu.

WALIOIOKOA KAZI

Mwaka 1948, baada ya India kupata uhuru na kugawanyika, bibi mmoja mashuhuri, Kamaladevi Chattopadhyay, alianzisha Indian Cooperative Union, yaani Umoja wa Ushirika wa India, ili kuwasaidia wakimbizi wajitegemee. Mwaka 1952 serikali iliukabidhi umoja huo uendeshaji wa duka kuu la kazi za mikono huko Delhi. Mwaka huo huo iliundwa Halmashauri ya Kazi za Mikono ya India nzima, naye akawa mwenyekiti wake kwa miaka mingi. Kazi za vijijini zikapata mahali pa heshima pa kuuzwa, na fundi akapata mnunuzi asiye mkopeshaji wake. Bibi Kamaladevi alifariki mwaka 1988.

Huko Kutch, katika kijiji cha Dhamadka, waliishi wachapaji wa ukoo wa Khatri, wanaotengeneza ajrakh, nguo ya nili na nyekundu inayochapwa pande mbili na kupita katika hatua zaidi ya kumi. Zamani ilivaliwa na wafugaji; siku hizi hutandikwa vitandani na kutundikwa madirishani pia. Rangi za asili zilikuwa karibu kusahaulika. Katika miaka ya 1970 Mohammad Siddik Khatri alizirudia na kuwafundisha wanawe hatua zote, bila kuruka moja. Tarehe 26 Januari 2001 tetemeko kubwa la ardhi liliibomoa Kutch, na Dhamadka ikaanguka. Maji ya kijiji hicho nayo yalikuwa yameanza kuharibika kwa kazi ya rangi. Basi baadhi ya jamaa walihama wakaanzisha kijiji kipya karibu na Bhuj, wakakiita Ajrakhpur, yaani mji wa ajrakh. Wengine walibaki wakajenga upya. Mwana wa Mohammad Siddik, Ismail Khatri, alipewa shahada ya heshima ya udaktari na Chuo Kikuu cha De Montfort cha Leicester, Uingereza. Watu waliopoteza nyumba zao hawakuipoteza elimu, na kwa elimu hiyo walizijenga nyumba nyingine.

Mwishowe sheria nayo ilikuja kusaidia. India ilitunga mwaka 1999 sheria ya kulinda majina ya bidhaa zitokazo mahali maalumu, na mwaka 2010 chapa ya mkono ya Sanganer iliandikishwa chini yake. Maana yake ni kwamba jina hilo si mali ya mfanyabiashara mmoja. Ni mali ya wote waifanyao kazi hiyo ipasavyo, wala hakuna mmoja mwenye ruhusa ya kulitumia kwa udanganyifu.

FUNDISHO KWETU

Ndugu wanachama, yaliyowaokoa wachapaji hawa ni mawili. La kwanza ni kutokuruka hatua, hata pale ambapo mnunuzi haoni. La pili ni kusimama pamoja, ili mwenye kufanya kazi njema asilazimishwe na njaa kuifanya vibaya. Moja bila jingine halifai. Fundi mwaminifu aliye peke yake hushindwa na mkopeshaji. Na chama cha watu wasio waaminifu huuza uongo kwa wingi zaidi.

Sisi tunapopeleka pamba ghalani, tunaitenga kuwa pamba safi na pamba fifi. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa usumbufu wa karani. Wako pia, nanyi mwazijua habari hizo, watiao maji au mchanga katika gunia ili mizani ipande. Mtu wa namna hiyo hupata shilingi chache msimu huu. Lakini gunia lake halibaki na jina lake. Pamba yake huingia katika robota pamoja na ya jirani zake, na robota huuzwa kwa jina letu sote. Msokotaji akikuta mchanga katika mashine yake, hatamtafuta mwenye gunia. Ataishusha bei ya wilaya nzima, na mjane aliyeichuma pamba yake kwa uangalifu, nyeupe na kavu, atalipia udanganyifu asioufanya.

Kwa hiyo twawasihi viongozi wa vyama vya msingi wasione haya kulikataa gunia chafu, hata likiwa la ndugu au la mjumbe wa kamati. Na twawasihi wanachama wasione uchungu likikataliwa. Karani anayelirudisha gunia hilo analinda fedha ya wote walio katika mstari. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nguo za chapa za Bara Hindi zilivuka bahari kwa sababu rangi yake haikuchuja. Pamba yetu nayo itatafutwa ikiwa usafi wake hautiliwi shaka.

Miaka kumi ya kwanza tumejenga maghala na kununua mizani. Twawatakia wanachama wote mavuno mema katika miaka kumi ijayo, na katika miaka hiyo tulijenge jina.